Visindano Katika Nyasi za Krismasi

Juzi kwenye masomo ya jioni mwalimu wetu wa baiolojia alichora ubaoni vijiti vyembamba vilivyochongoka huku na huku, vimelala ovyo kama sindano zilizomwagika kutoka kwenye kopo la fundi cherehani. Akasema hivyo ni visindano vinavyokaa mwilini mwa sponji.

Tulicheka darasa zima. Sisi wa jioni ni watu wazima, mwenzangu, wengine tuna watoto wanaolingana na mwalimu, lakini tukikaa kwenye yale madawati utoto unaturudia. Kijana wa bodaboda anayekaa nyuma yangu akauliza, "Mwalimu, sponji hili la godoro?"

"La godoro linatengenezwa kiwandani. Huyu ninayemsema ni mnyama."

"Ana macho?"

"Hana."

"Ana miguu?"

"Hana miguu, hana mdomo, hana hata mfupa mmoja."

"Basi huyo si mnyama, mwalimu," akasema mama mmoja anayeuza dagaa sokoni, "huyo ni msiba."

Mwalimu alisubiri tutulie, akaendelea. Wengi wako baharini, akasema, ila wapo pia wa kwenye maziwa na mito, hata huku kwetu Kagera wanaweza kuwepo. Wanajishika kwenye mawe na kwenye mashina ya matete chini ya maji, wanaonekana kama ukoga mnene. Maji yakipungua wanakauka na kufa, nyama yao inaoza, lakini vile visindano vinabaki. Ni vya kitu kama kioo. Haviozi wala haviyeyuki. Ukivishika vinawasha. "Na msije mkajipangusa navyo machoni," akasema kwa utani, huku akigeuka kufuta ubao.

Wenzangu walicheka tena. Mimi kalamu ilibaki hewani. Nikaomba ruhusa nitoke nje kidogo, nikasimama barazani naangalia migomba ya watu wa hapa Ihembe tunakosomea inavyoingia giza, na moyoni nikasema, Bwana wangu, kumbe kilikuwa ni hicho.

Nikupeleke kidogo Kamuli, upande wa Kyerwa, nyumbani kwa bibi mzaa baba. Ndiko nilikolelewa. Nyumba ilikuwa katikati ya kibanja, migomba imeizunguka mpaka mvua ikinyesha unasikia kwanza majani, ndipo unasikia bati. Mikahawa ilikuwa chini ya migomba, na maharage chini ya mikahawa. Asubuhi kulinukia moshi na majivu, na ile harufu ya maganda ya ndizi yaliyolala. Kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja, kuchota maji, na kumshikia bibi ungo akichambua maharage.

Ndani, sakafu yetu ilikuwa nyasi. Wewe uliyekulia kwenye nyumba ya namna ile huhitaji kuelezwa, ila wanangu mimi nikiwaambia wanadhani nawasimulia habari za zizi. Zilikuwa nyasi laini za mlimani, zinakatwa, zinaachwa jua kidogo, halafu zinatandikwa kwa mpangilio, zote zimeelekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Unaingia ukiwa umevua viatu, unakaa, unanyoosha miguu. Mgeni akiletewa matoke na maharage anakula pale pale, na mtoto akisinzia anaachwa pale pale. Zikichakaa zinatolewa, zinapelekwa kwenye migomba, zinaletwa nyingine. Na Krismasi ilikuwa haiwezekani bila nyasi mpya. Unaweza kukosa nyama, unaweza kukosa nguo, lakini nyasi za zamani siku ya kuzaliwa Yesu? Bibi alikuwa anasema hawezi kumkaribisha Mtoto kwenye uchafu wa mwaka mzima.

Bibi alikuwa na jicho moja. La kushoto lilikufa akiwa msichana, kijiti cha mkahawa kilimchapa akichuma. Lililobaki lilikuwa linafanya kazi za mawili, na kazi za ziada. Lilikuwa linaona mtu akiwa bado chini kwenye kona ya barabara, linamtambua kwa mwendo, na bibi anaagiza ndizi zimenywe kabla mgeni hajajua kama atapita kwetu. Kitabu cha nyimbo alikuwa anakisoma kwa kukisogeza karibu kabisa na uso, kama anakinusa. Na sisi wajukuu tukidokoa karanga tukidhani ametupa kisogo, tunasikia, "Jicho langu hili moja linawatosha nyote, rudisheni." Alikuwa analitunza. Jikoni kwenye moshi hakai sana, vumbi la kupepeta anampa shangazi. Alikuwa anatuambia waziwazi, "Hili likienda, mimi nimekwenda."

Sasa mwaka ule vuli haikunyesha. Hata senene, ambao kwetu ndio wanaotuambia kwamba Krismasi inakuja, walianguka wachache tu, tukawakaanga tukagawana kama dawa. Kahawa ilijikunja majani. Wafugaji wakapandisha ng'ombe milimani kutafuta chochote, wakala kilichokuwepo, na kilichobaki moto ukapita nacho. Ikafika wiki ya Krismasi mlima mzima ni mweusi, na ndani kwetu nyasi zimekuwa makapi.

Shangazi yangu, ambaye alikuwa amerudi kukaa na bibi baada ya kufiwa na mume, ndiye aliyekuja na wazo.

"Mama, bondeni kwenye maji kuna nyasi nyingi zimekauka zenyewe. Maji yamerudi nyuma, zimesimama tu."

"Za majini ni ngumu," bibi akasema.

"Tutazipondaponda."

"Zinanuka tope."

"Mama waitu, unataka nyasi au unataka harufu ya peponi?"

Bibi akacheka, na bibi akicheka ujue amekubali.

Tukaenda, shangazi na sisi watoto, na jirani mmoja mwanamke aliyekuwa rafiki mkubwa wa bibi. Nakumbuka ile njia ya kushuka, jua kali, na harufu ya tope lililokauka inakuja kabla hujaona kitu. Ziwa lilikuwa limejivuta mbali, limeacha ardhi imepasuka vipande vipande, na yale majani marefu ya majini yamesimama makavu, yanagongana kwa upepo. Mashina yake, pale maji yalipokuwa yanafika zamani, yalikuwa na makoko. Rangi kati ya kijivu na kijani, yana vitundu vidogo kama mkate uliokaa siku nyingi. Ukiyaminya yanavunjika kuwa unga. Sisi watoto tulifurahi sana, tukawa tunayaminya na kupuliziana, kila mtu anamkimbiza mwenzake. Shangazi alisema ni ukoga tu, utadondoka njiani.

Haukudondoka wote. Tulipokuwa tunapanda na mizigo kichwani shingo zilianza kuwasha. Nikasema, "Shangazi, zinawasha." Akanijibu bila kugeuka, "Nyasi zote zinawasha mtu mvivu. Ulipokuwa unacheza kule chini mbona hukuwashwa?" Wenzangu wakanizomea mpaka nyumbani, mvivu, mvivu, huku na wao wanajikuna kama mbwa wenye viroboto.

Mkesha wa Krismasi zikatandikwa. Shangazi na jirani walizipiga kwa magongo pale pale ndani ili zilainike, na vumbi likajaa nyumba. Mwenzangu, lile vumbi lilikuwa zuri. Jua la jioni lilikuwa linaingia mlangoni, na ndani ya ule mwanga vumbi linameta, linameta kama kuna mtu amesaga kioo akakirusha juu. Tulisimama tunaangalia. Jirani akasema hata mbinguni huenda ndivyo kulivyo. Na bibi, ambaye kutandika hakumwachia mtu, alikuwa amepiga magoti katikati yake, anazipanga kwa mikono yake miwili, ameinamisha uso chini kabisa maana lile jicho lake lilitaka kuona kwa karibu.

Asubuhi kanisani bibi aliimba jicho limefumba. Machozi yanatiririka mpaka kwenye ukosi wa gauni lake jipya. Waumini wa benchi la mbele walikuwa wanageuka kumtazama kwa heshima. Mwinjilisti alipomaliza akamshika mkono akamwambia, "Bibi, leo umeguswa kweli kweli." Bibi akaitikia tu, amina. Njiani ndipo alipotuambia kuna mchanga jichoni.

Tuliporudi ilikuwa sikukuu kama sikukuu. Wageni wakaja, wakasifu nyasi, wakakaa, wakanyweshwa mramba, ile juisi ya ndizi mbivu kabla haijawa pombe ya rubisi. Kila aliyekaa alikuwa anajikuna huku anacheka, wakasema ni joto. Bibi alikaa kwenye kona yake na kitambaa usoni, anasugua. Mpaka jioni jicho lilikuwa limevimba na kufunga.

Hapo ndipo yalipoanza mambo ambayo mpaka leo nikiyafikiria nashindwa kukaa sehemu moja. Maana hakuna aliyekaa bure. Kila mtu alimpenda bibi, na kila mtu alifanya kitu. Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha aliitwa akamkamulia maziwa jichoni, maana ndiyo dawa ya macho tuliyoijua. Akaoshwa kwa maji ya chumvi. Zahanati wakatoa tyubu ya dawa ya kupaka, tukapaka. Na wanawake wa jumuiya, walipoona mgonjwa anazidi, wakasema hizi nyasi zimekanyagwa na watu wengi, zimechafuka, mgonjwa halali kwenye uchafu. Wakazitoa zote. Wakashuka bondeni wao wenyewe kwenye lile jua, wakarudi na mizigo mipya, wakaipiga kwa magongo, wakamtandikia nzito kuliko ya kwanza, wakamlaza juu yake. Kisha wakapiga magoti kumzunguka, wakamwombea, kila mmoja anainuka anapangusa macho. Nilidhani wote wanalia.

Bibi alikuwa analalamika kitu kimoja tu. "Kuna mchanga. Nitoleeni huu mchanga."

Shangazi anamfunua ukope kwa kidole, anaangalia. "Mama, hakuna kitu."

"Kipo."

"Ni wekundu tu, mama. Nimeangalia huku na huku."

"Wewe macho yako yameshachoka. Mwite huyo mtoto." Akanishika mkono, akanivuta. "Njoo wewe mwenye macho mapya. Angalia vizuri, mwanangu. Ukikiona mwambie shangazi akitoe kwa ncha ya kitambaa."

Niliangalia. Namwomba Mungu anisahaulishe vitu vingi vya utoto wangu, lakini hicho hajanisahaulisha. Nilisogeza uso mpaka nikasikia pumzi yake. Sikuona mchanga. Niliona maji, na mishipa myekundu, na ndani ya yale maji nikajiona mimi mwenyewe, mdogo kama punje.

"Umekiona?"

"Sijakiona, bibi."

"Angalia tena."

Nikaangalia tena. Nilikuwa mtoto, mwenzangu, na aliyenituma ni bibi, nami sikuwa na cha kumpa. Ningefanyaje? Hata kama ningekuwa na macho ya tai nisingeona. Mwalimu amesema vile visindano unaviona kwa darubini.

Baadaye sana, baba mdogo aliyekuwa anafanya kazi mjini alipopata habari, alikuja akampakia kwenye baiskeli, akawa anaisukuma mpaka kwenye barabara ya magari, wakaenda hospitali. Tulisubiri. Shangazi hakupika vizuri siku zile, ndizi zinaungua anaziangalia. Waliporudi, nilimwona bibi akitelemshwa, na akasimama. Hakuanza kutembea. Alikuwa anasubiri ashikwe mkono, pale pale kwenye uwanja wake mwenyewe niliokuwa nimeufagia. Baba mdogo akasema daktari amemulika tochi, akakuta kioo cha jicho kimejaa makovu, kimekuwa cheupe kama maziwa. Akauliza mgonjwa aliingiwa na nini. Baba mdogo akasema hatujui. Daktari naye hakujua.

Watu walisema yao. Wengine walisema ni upepo mbaya, wengine wakataka kutaja majina ya watu, na bibi akawakataza, akasema ndani ya nyumba yake hataki kusikia jina la mtu likitajwa kwa ubaya. Alisema Mungu ana haki ya kuchukua. Mimi nilimwamini, na namwamini mpaka leo. Lakini lile neno lake la zamani, kwamba hili likienda mimi nimekwenda, sikulisikia tena kinywani mwake.

Mvua ilirudi. Mlima ukarudi kijani, nyasi zetu za siku zote zikarudi, na zile za bondeni hakuna aliyezifuata tena, si kwa kuwa tulizishuku, ni kwa kuwa ni mbali. Na hapa ndipo nataka unisikilize. Bibi hakwenda. Alijifunza nyumba upya, na nyasi ndizo zilizomfundisha. Nyasi zinasema, mwenzangu. Shangazi alikuwa anaburuta mguu kidogo, nyasi zinasema shwaa, shwaa. Jirani, yule rafiki yake, alikuwa anakanyaga kwa pupa. Mimi nilikuwa naruka kama mbuzi. Bibi anakaa kwenye kona yake, mtu anavuka kizingiti hajafungua mdomo, tayari ameshaitwa jina. Tulikuwa tunajaribu kumdanganya, tunatembea kwa ncha za vidole, tunaburuta mguu kama shangazi, na yeye anasema, "Wewe mtoto, shangazi yako ana uzito, wewe una njaa. Keti." Wageni walitoka kwetu wakisema yule mama anaona. Hata nilipoolewa, nikirudi likizo, ilikuwa hatua moja tu ndani ya mlango nami nasikia jina langu. Nilikuwa natamani hiyo hatua safari nzima.

Niliposimama barazani ile jioni nikapiga hesabu ya mambo yote hayo. Nikarudi darasani kipindi kikiwa kinaisha, nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, vile visindano vikiingia jichoni, vinatolewaje?"

Akafikiri. Ni kijana mzuri, hadanganyi. "Sijui, mama. Kitabu hakijaandika. Kwani kuna mtu?"

"Alikuwepo," nikasema.

Yule wa bodaboda hakutania. Mama wa dagaa alinifungia daftari langu, akanibebea mpaka nje. Usiku ule niliomba kama kawaida, ila nilipofika pa kushukuru kwa kufunuliwa nilikwama. Nimefunuliwa nimfanyie nani? Shangazi amelala, wanawake wa jumuiya waliobeba ile mizigo wengi wamelala, na waliobaki sitawapelekea habari hii. Waache wafe wakijua walimhudumia.

Siku hizi hakuna nyumba ya nyasi Kamuli. Ukiiona ujue hakuna mtu anayeishi humo. Bondeni maji yakirudi nyuma watu wanalima nyanya, na senene tunawanunua sokoni kwenye ndoo kama dagaa. Krismasi watoto wanapiga deki, wanatandika zulia la plastiki lenye maua. Ni safi, sikatai. Na mimi kwangu ni saruji.

Hata kwa bibi iliwekwa saruji. Baba mdogo alipostaafu alisema mama yake hatakufa akilala kwenye majani kama ng'ombe, akaleta mafundi, ikawa sherehe. Wote tulifurahi, mimi niliwapikia wale mafundi. Sakafu ilipokauka tukamwingiza. Akapapasa kwa mguu, akainama akapapasa kwa mkono, akasema, "Ni baridi. Asante, mwanangu." Akaenda kukaa kwenye kona yake.

Mwaka wake wa mwisho nilikuwa nimeomba ruhusa kwa mume wangu nikakae naye. Ndipo nilipoona. Kwenye saruji watu wanaingia kimya. Unamkuta mtu amesimama mbele yake, naye amegeukia ukutani. Akawa anashtuka akiguswa. Akawa anauliza, "Ni nani?", yeye ambaye hakuwahi kuuliza. Na kwa kuwa hakutaka kumvunjia mtu heshima, akaanza kuitikia kabla hajasalimiwa. Mlango ukisukumwa na upepo, anasema, "Marahaba, karibu ndani." Kuku akipita, "Marahaba." Mwanzoni tulimwambia, bibi, hakuna mtu. Anajisikia vibaya, anashika kitambaa chake, anakikunja. Tukaacha kumwambia.

Mimi nilikuwa nikimsikia kutoka jikoni, naweka mwiko chini, nanawa mikono, naenda kusimama pale alipodhani kuna mtu, nasema, "Shikamoo, bibi."